Risasi Kwenye Mchaichai

Jumatatu, 5 Mei 2025

Daktari aliniambia: Bi Mwanaarabu, kila siku andika kilichokupandisha presha, tujue tatizo liko wapi. Akanipa na daftari, jalada lina picha ya mbuzi, tangazo la dawa ya minyoo. Wiki mbili hazijaisha, kahamishwa. Sasa daftari ninalo, daktari sina. Basi naandika mwenyewe, nasoma mwenyewe, napandwa na presha mwenyewe.

Cha leo: Hashim. Nilimtuma sukari dukani kwa Muhdhar. Hapo tu ng'ambo, ukipiga chafya mwenye duka anakwambia yarhamukallah. Karudi na ufagio! Ufagio mzuri, sikatai. "Mama, si ulisema ufagio?" Mwanangu huyu wa pekee, miaka ishirini na tisa, fundi wa mashine za boti. Anaifungua mashine nzima na kuifunga tena kafumba macho, haibaki hata nati. Lakini neno moja, sukari, halivuki naye ndia. Mtaani wanamwita Bwana Nimetumwa-Nini. Mkewe Rawiya naye humwita hivyo akitaka kumchokoza. Siku ya nikaha alisahau kofia, akarudi nyumbani kuichukua, akakuta mahamri, akakaa kula. Tulimtafuta hadi bandarini! Nacheka hapa peke yangu.

Kamrithi nani lakini? Baba yake Abdulqadir, Mungu amrehemu, hakuwa hivyo. Mimi ndiyo kabisa. Nakumbuka hata matusi niliyotukanwa mwaka tisini na mbili, na aliyenitukana alivaa leso gani.

Rawiya hajambo. Mwezi wa tano huu. Mimba ya kwanza ilitoka, hii tunaishikilia kwa dua na kwa chai. Asubuhi kikombe, alasiri kikombe, chai ya mchaichai wangu. Kizingitini yote hakuna mchaichai kama wangu, wanipita bega! Watu wa Faza wanaujua, hata Kiwayu wameusikia. Namwambia Rawiya, maliza, ya chini ndiyo tamu.

Kuna binti kaja kutoka bara, jina lake Jerioth. Anapima udongo. Anauliza kila mtu wapi palikuwa pakivunjwa betri za zamani. Jirani yangu Bi Hindu kasema: samaki wamewamaliza, sasa wataka na mtanga wetu!

Jumatano, 7 Mei

Yule binti kaja kwangu. Adabu anayo, kavua viatu mlangoni. Nikampeleka kona ya marehemu, nikamsimulia kwa raha zangu. Hapa ndipo Abdulqadir akisubu risasi za nyavu. Betri zilizokufa alizipasua kwa shoka, ile risasi ya ndani akaiyeyusha kwenye sufuria kuukuu, akaimimina kwenye vitundu vya mchanga. Ikipoa — chubwi! Nyavu za mji huu zote zilizama kwa chubwi zake, miaka ishirini na sita. Na maji ya betri? Aliyamwaga papo hapo. Alipochoka kazi ndipo akanipandia mchaichai pale pale, maana udongo ulikuwa laini kwa majivu. Mwaka uliofuata akafariki.

Binti anaandika tu. Kadiri ninavyosifu, ndivyo uso unavyomshuka. Nikadhani ni jua.

Akachimba, akatia udongo kwenye vifuko. Akakata na majani matatu ya mchaichai. Nikamtilia chai, na iliki, na tangawizi, kwa kikombe cha wageni. Akakishika. Akanusa. Akakitua. "Asante Mama, nitakunywa baadaye." Baadaye lini? Kiyama? Chai ikapoa mbele ya macho yangu mpaka Hashim akaja akainywa, kisha akauliza ilikuwa ya nani.

Mgeni kuikataa chai yangu! Andika, kalamu: hii ndiyo presha ya leo.

Alhamisi, 8 Mei

Jerioth kaja na nesi wa zahanati. Kimashine kidogo kama redio ya mfukoni. Wametutoboa vidole, mimi na Rawiya. Hashim hayuko, kaenda kujaribu mashine ya mtu huko nje ya mkondo.

Mimi tisa. Rawiya thelathini na moja.

Nilidhani ni maksi! Nikaona wivu, wallahi. Mkaza mwanangu kanishinda mara tatu na zaidi. Nikajikaza nikampa mkono: hongera, Rawiya. Nesi akanitazama kama niliyepiga kigelegele matangani.

Kumbe zinavyopungua ndivyo bora. Ni risasi, ile ile ya marehemu, imo damuni. Mwenye mimba hata tano ni nyingi, alisema Jerioth, kwa sababu inavuka mpaka kwa mtoto. Inakaa kwenye mifupa. Inaingia kwenye ubongo wake ungali laini.

Inatoka wapi? nikauliza. Akautazama mchaichai. Akasema hajui bado, amepeleka udongo na majani maabara Nairobi, lakini kwa sasa chai hiyo tuiache.

Naandika hapa kwa kuwa hasomi mtu. Nimeogopa. Chai hiyo ni mimi niliyemnywesha. Kwa mkono wangu huu.

Ijumaa, 9 Mei

Nilikwenda kwa Muhdhar kununua majani ya chai. Duka zima likanigeukia. Bi Mwanaarabu? Majani ya dukani? Ningenyamaza. Nani kasema mimi najua kunyamaza? Nikawaambia: "Kwangu kumejaa risasi! Ua mzima risasi! Marehemu aliziacha udongoni, hata kwenye chai zimo!"

Kwetu risasi ni chubwi za nyavu, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Lakini nyuma yangu palikuwa na askari kijana wa bara, anangoja kununua salio. Akatoka bila salio. Nikaona, nikasema moyoni, huyu naye kasahau alilotumwa kama Hashim.

Mdomo uliponza kichwa, walisema wazee.

Jumamosi, 10 Mei

Lo! Lo! Leo daftari halitatosha.

Saa tatu asubuhi wamejaa uani. Polisi wanne, bunduki nne, jembe moja. Mbele yao Bwana Wanyama, mtu wa Bungoma, mteja wangu wa chai tangu mwaka jana. Leo hata salamu hakunipa vizuri.

"Mama, tumepata habari una risasi."

"Ninazo."

"Ngapi?"

"Nani azihesabu? Zimeyeyuka."

Wakatazamana. "Ziko wapi?"

"Nyingi udongoni. Nyingine kwenye majani, hatujui bado, tunangoja majibu ya Nairobi. Na nyingine," nikamwonyesha Rawiya, "anazo huyu mwilini. Thelathini na moja."

Wanyama akarudi hatua moja. Akamtazama Rawiya juu hadi chini. "Amepigwa lini?"

"Hakupigwa! Amekunywa!"

Bi Hindu alikuwa kashasimama juu ya ndoo, kichwa chake ukutani kama paka wa mtaa. Akapiga yowe: "Yarabi! Hata mimi nimekunywa! Ndooni mnishike, mato hayaoni tena!" Macho yake yanaona hadi Somalia. Watu wakazidi kujaa mlangoni. Wengine wakaanza kuhesabu vikombe walivyokunywa kwangu.

Wakachimba. Wakatoa chubwi mbili za marehemu, ndogo, kama kokwa za tende. Nilipoziona nikataka kulia, nikacheka. Wanyama akaiweka moja kiganjani. "Hii ni ya bunduki gani?" Hapo Hashim akaingia, mikono imejaa grisi, akaichukua, akaeleza vizuri kabisa. Inafungwa chini ya wavu, wavu unazama, samaki anaingia. Alieleza bila kukosea neno! Nikamwonea fahari. Kisha akaitia ile chubwi mfukoni mwake na kuondoka nayo, polisi wakamkimbilia kuidai.

Wanyama akacheka hadi kofia ikaanguka. Nami furaha ikanizidi, mazoea yana taabu, nikapaza sauti: "Haya Rawiya, wape polisi chai!"

Mlangoni wamesimama watu zaidi ya hamsini.

Wanyama uso umembadilika. "Mama! Usiseme hivyo mbele ya watu!" Kicheko kilichotoka pale kimesikika bandarini. Na Rawiya naye, kashika tumbo, machozi yanamtoka: "Mama, chai ipi? Si imeharamishwa?" Basi polisi wakaondoka bila chai ya aina yoyote. Sijui kama imewahi kutokea katika nti hii.

Lakini Wanyama alirudi peke yake baada ya adhuhuri, bila bunduki. Akauliza kwa sauti ya chini: Mama, mimi nimekunywa vikombe vingapi? Nikamwambia sijui, mwanangu.

Jumatatu, 12 Mei

Kichwa chaniuma. Chai ya dukani ni maji ya kusuuzia birika.

Rawiya anakunywa maziwa, anakula dagaa, na vidonge vya nesi. Analalamika mdomo hauna ladha. Nimemwambia mtoto kwanza, mdomo baadaye.

Hashim kauliza mbona siku hizi hatunywi chai. Nimemweleza mara tano tangu Alhamisi. Mara ya sita nikamwambia mchaichai umeolewa, umehamia Faza. Akasema Alhamdulillahi.

Jumanne, 20 Mei

MAJIBU!

Jerioth kapiga simu kutoka Nairobi. Chai haina kosa! Majani yakioshwa vizuri risasi yake ni kidogo mno, si kitu cha kumfikisha mtu thelathini na moja. Mchaichai hauipandishi sana, inabaki chini. Nikapiga vigelegele hadi Bi Hindu akarudi juu ya ndoo yake. Nikamtangazia: chai yangu imeachiwa huru! Akasema: nami macho yangu yamepona.

Kisha Jerioth akasema udongo wenyewe ni balaa. Alitaja namba, maelfu. Pale chini ya mchaichai ndipo kubaya kuliko pote. Tusiukanyage miguu mitupu, tusiufagie ukiwa mkavu, vumbi lake lisiingie jikoni. Alhamisi hii hii anakuja tena kupima.

"Sasa Mama," akasema, "kama si chai, Rawiya anaipata wapi? Kuna mtu hapo anayekula udongo?"

Nikacheka. Nikamwambia: binti yangu, Rawiya kasoma sekondari Lamu mjini. Embe analila kwa uma! Jerioth hakucheka. Akasema basi tutafute.

Nimetafuta. Sufuria, birika, mtungi, hata wanja wake nimeuficha. Sioni.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua ilipiga baada ya alfajiri, fupi, kisha jua. Ua ukatoa ile harufu. Kila mwanamke aliyewahi kubeba mimba anaijua harufu ile. Nilikuwa nachambua mchele. Nikasikia: krr. Krr. Nyuma ya mchaichai.

Nikanyata. Rawiya kachuchumaa, leso kichwani, mkononi kijiko cha chai. Kijiko changu cha wageni! Anakwangua udongo pale pale kwa marehemu, anaulamba kama halua.

Sijui nilipiga kelele gani. Kijiko kiliruka hadi juu ya bati. Nikamtia kidole mdomoni kama mtoto mchanga, namtoa udongo, yeye analia, mimi nalia, kisha akaniuma kidole bila kukusudia nikamtukana, tukaanza kucheka huku tunalia. Tumekaa chini wote wawili. Astaghfirullah, chini pale pale! Nikamvuta tukahamia sebuleni.

Ameniambia yote. Tangu mwezi wa pili wa mimba. Aliona aibu. Alijaribu udongo wa duka la Muhdhar, alijaribu wa ukutani kwa Bi Hindu, hakuna kitu. Wa hapa tu. "Wa hapa ni mtamu, Mama. Una utamu wa ajabu." Kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwetu kiko uani, chini ya sifa zangu.

Akaniuliza: hata wewe, Mama, ulipokuwa na mimba, hukuula?

Nikamwambia hapana. Sijui ladha yake.

Mungu anisamehe.

Jerioth hakufika. Boti imeharibika mashine. Kaitwa nani kwenda kuitengeneza? Hashim.

Ijumaa, 23 Mei

Leo presha tu. Sina cha kuandika.

Jumapili, 25 Mei

Haya. Hasomi mtu.

Niliula.

Mwaka tisini na tano, mimba ya Hashim. Kona ile ile. Mchaichai haukuwapo, palikuwa na moto wa Abdulqadir na sufuria yake. Mimi hukaa kando, yeye anasubu, mimi nakwangua kwa ukucha. Ni mtamu kweli, Rawiya hakusema uongo. Abdulqadir alikuwa akinicheka: "Bibi, usinimalizie ua, nitafanyia kazi wapi?" Tulicheka sana mwaka ule. Sijawahi kucheka hivyo tena.

Hashim alichelewa kutembea. Alichelewa kusema. Tukasema, wanaume wa kwao wazito. Chuoni alirudia juzuu moja miaka mitatu, mwalimu akamchapa, akija nyumbani nikamwongezea. Nilimwongezea mimi. Nikisema akili unayo, uvivu tu. Na yeye hakuwahi kujitetea. Alikuwa akisema: nilikuwa nayo, Mama, imetoka sasa hivi.

Na jina lile, Bwana Nimetumwa-Nini — najua nani alilianzisha. Ni mimi. Nililisema arusini kwa Bi Hindu, watu wakacheka, nikanoga.

Jerioth kafika leo. Nilimvuta jikoni nikamwambia kwa minong'ono. Akasema haiwezekani kujua, Mama. Wako watu wasahaulifu ambao hawajawahi kuona risasi. Kisha akasema risasi hukaa mifupani miaka mingi, na huweza hata kupandisha presha. Presha! Nikataka kumwonyesha daftari hili, kurasa zote nilizomsingizia Hashim na ufagio wake. Sikumwonyesha.

Akasema Hashim naye apimwe. Yeye alikulia uani humu, na betri mpaka leo anazishika. Kipimo kitasema kilichopo sasa tu. Ya tumboni hakitasema.

Jumatano, 28 Mei

Rawiya kapimwa tena: ishirini na sita! Zimepungua tano kwa siku ishirini, na ndani yake kuna siku alizokuwa akilamba. Jerioth kasema ni mwanzo mzuri, asishike kijiko tu. Mtoto anacheza tumboni, nimemsikia kwa kiganja. Nimempa Rawiya chips za muhogo atafune hamu ikimshika. Bi Hindu amejitolea kukaa juu ya ndoo yake siku nzima kumlinda. Kazi anayoipenda, kapata na thawabu.

Wanyama naye kapimwa: nne. Kamkumbatia nesi.

Mchaichai nimeung'oa. Nimeuosha mizizi mara saba, kama chombo kilicholambwa na mbwa, nikaupanda kwenye pipa lenye udongo wa Faza. Unanyong'onyea, lakini bado wima. Ile kona itafunikwa kwa saruji Idi ikipita, Hashim ndiye atakayeimwaga. Nimemwambia ni kwa ajili ya vumbi.

Asubuhi hii nimemtuma zahanati. Nimemwambia polepole, nimemshika mabega: mwanangu, nenda kwa nesi, Jerioth anakungoja na kimashine, utatobolewa kidole. Kesho anaondoka na boti ya alfajiri. Akasema sawa Mama. Akaenda.

Nilikaa na daftari hili nianze kuandika mambo ya Rawiya, ndiyo hayo hapo juu.

Sasa hivi karudi. Haikupita hata robo saa. Kidole chake kizima. Mkononi ana paketi ya sukari, ile ya tangu mwanzo wa mwezi, anatabasamu mwenyewe kwamba leo kaipata. Kisha kauona uso wangu, tabasamu likasita. "Mama. Nilitumwa nini vile?"

Rawiya kacheka sebuleni. Bi Hindu kacheka ukutani.

Kalamu ninayo bado. Buibui nimelitupia begani, zahanati nampeleka mwenyewe. Yuko mlangoni, kashika sukari kwa mikono miwili, ananingoja nicheke.